Kazi Yangu Ilikuwa Kuongea

Nimefanya kazi nyingi katika miji mingi, na baadhi nimezisahau kabisa. Nimepakia mbao Lilongwe, nimeuza vocha za simu Beira, nimepika chapati mahali ambapo hakuna aliyejua chapati ni kitu gani. Lakini kuna kazi niliyoifanya Durban ambayo sijaisikia popote tena. Nililipwa ili niongee. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya swichi kuu ya umeme, na muda wote ambao fundi alikuwa ameingiza mikono kwenye nyaya, mimi niliongea. Nikinyamaza, alitoa mikono.

Fundi mwenyewe alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mtu mfupi mwenye mabega mapana, mwenye kupenda mashati yaliyopigwa pasi hata kama anakwenda kupanda juu ya dari. Nilikutana naye mwaka 2008, wiki niliyoingia mjini. Nilikuwa nimepotea Overport, begi mgongoni, nikasikia mtu ananung'unika kwa Kiswahili kwenye maegesho ya maduka. Alikuwa analinda magari. Mama mmoja alikuwa anarudisha gari nyuma vibaya, naye anamwelekeza kwa mikono, huku akimwambia kwa lugha ambayo mama yule hakuijua, "Njoo, njoo, mama, njoo tu, ukuta utakuambia mwenyewe." Nikacheka. Akageuka.

"Unacheka Kiswahili," akasema. "Weye ni wa wapi?"

Nikamwambia Kigoma. Akasema Kigoma ni nyumbani, kama vile ziwa na kipande kizima cha Kongo katikati yetu ni uchochoro tu. Jioni ile nilikula kwake Greyville, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, na baada ya chakula mkewe akafunga pazia kwenye kona ya sebule akaweka godoro nyuma yake. Hakuuliza nitakaa siku ngapi. Mkewe nilimwita shemeji kuanzia siku ile. Alisuka nywele katika saluni ya mtaa wa chini, na alikuwa na ulimi uliochongoka kama sindano zake za kushonea nywele.

Mwaka ule ndio umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu nchi nzima. Robot, yaani taa za njia panda, zilizimika, madereva wa teksi, daladala za huku, wakawa ndio polisi wa barabara, na kila mtu aliongea habari za umeme. Wateja waliacha magazeti kwenye vitoroli vya duka, na fundi aliyakusanya akayasoma mchana akiwa amesimama kwenye kivuli cha nguzo. Magazeti yalisema nchi haina mafundi umeme wa kutosha. Yalisema hivyo mwaka ule, na mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Fundi alikunja gazeti, akaliweka kwapani, akaenda kumwonyesha mtu nafasi ya kuegesha.

"Sikia, petit," aliniambia, maana aliniita mdogo wake kwa Kifaransa. "Wananitafuta nchi nzima. Mi niko hapa Overport, hawajafika tu."

Hakusema kwa uchungu. Kwao alikuwa fundi kwa miaka mingi, alikuwa amewasha shule, maduka, hata baa moja ambayo mwenyewe alisema aliijutia. Lakini cheti cha huku hakuwa nacho, na bila cheti cha huku ulikuwa mlinzi wa magari mwenye hadithi nzuri. Jumamosi na Jumapili baada ya ibada alifanya kazi ndogondogo za watu wetu: taa ya saluni, soketi ya duka la simu, feni ya kanisa. Huko ndiko nilikoanza kazi yangu.

Utaratibu ule aliurithi kwa bwana aliyemfundisha Lubumbashi. Kule nyumba nyingi zilikula umeme kutoka laini moja, na swichi kuu ilikaa kwenye ukumbi ambako kila mtu alipita. Ukiizima ukapanda dari, mpangaji wa chumba cha pili anakuja na pasi yake, anaona swichi iko chini, anaipandisha. Ukiifunga kwa kufuli, kesho kufuli halipo, na kesho kutwa swichi nayo haipo. Basi mafundi waliweka mtu. Na kwa kuwa mtu aliyekaa kimya anaweza kusinzia au kuondoka bila wewe kujua, mtu yule alitakiwa kuongea muda wote. Sauti yake ndiyo ilikuwa habari: niko hapa, swichi iko chini, endelea.

Fundi alipima kila waya kabla ya kuugusa, usidhani hakupima. Lakini alisema kipimo kinakuambia sasa tu, hakikuambii dakika inayokuja. Aliwahi kuwa na mwenzake waliyekuwa wakifanya naye kazi kwenye tanuri la mikate. Mtu wa swichi alitoka nje kumsalimia mjomba wake aliyepita barabarani. Mwoka mikate akataka moto, akapandisha swichi. Mwenzake hakufa, ila vidole vya mkono wake wa kulia havikufunguka tena. Fundi alinieleza habari hiyo mara moja tu, siku ya kwanza, kisha akanipa kiti.

"Semaka," akasema. "Usiniulize maswali, mi siwezi kujibu. Usifikiri sana. Ukifikiri unanyamaza."

Nikaongea. Niliongea safari zangu, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kingi. Niliongea mabasi, mipaka, vyumba vya kulala vya bei ndogo, wanawake waliokataa kuolewa nami kwa sababu nzuri kabisa. Hadithi zikiisha nilisoma kwa sauti maandishi ya kopo la rangi. Kutoka juu ya ngazi ilikuja miguno, na mara nyingine masahihisho.

"Wiki iliyopita ulisema basi liliharibika Tete. Leo Chimoio."

"Yaliharibika yote mawili."

"Bien. Endelea."

Wenye nyumba walituangalia kwa mshangao mwanzoni, kisha wakazoea. Mama mmoja mwenye duka la simu alikuwa anasogeza kiti chake kusikiliza, na kazi ilipokwisha alisema fundi amemaliza haraka mno, hajajua kama nilivuka ule mto au sikuvuka.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya sambusa. Kwenye maegesho yale palikuwa na kibanda cha sambusa, na kila asubuhi alisimama pale mkandarasi mmoja wa umeme, Mhindi aliyezaliwa Durban kama baba yake na babu yake, mwenye gari jeupe lenye ngazi juu. Alikula amesimama huku akigombana na simu. Kazi zilikuwa nyingi kuliko watu. Wenye vyeti walikuwa wamekwenda kujenga viwanja vya kombe la dunia, na viwanja vilipokwisha wakaenda Dubai na Australia. Siku moja alipokata simu, fundi alimsogelea akamwambia kwa Kiingereza chake cha kubanabana kwamba yeye ni fundi umeme.

"Kila mtu hapa ni fundi umeme, bra, mpaka nimpe bisibisi," yule bwana akasema.

"Basi nipe bisibisi."

Akampa. Kwanza Jumamosi, kisha wiki nzima, kisha fundi akawaachia wengine magari ya Overport akawa msaidizi wa mkandarasi, nami mbeba nyaya wao. Mkandarasi alimpenda. Alimwambia wazi, katika gari, mimi nikiwa nyuma na nyaya, "Mikono yako nimeiona. Lakini siwezi kukuachia nyumba bila cheti. Nikikuachia, leseni yangu inaondoka. Fanya mtihani wa ufundi. Mimi nitasema nimekuona kazini."

Na nyumba ilikuwapo. Ilikuwa Berea, juu kwenye mgongo wa mlima, nyumba ya zamani kubwa ambayo mwenyewe alikuwa anaigeuza vyumba vya wanafunzi. Nyaya zote zingetolewa na kuwekwa mpya. Walikuwa wameondoa paa lote na wanaweka vigae vipya. Paa likikamilika, umeme uanze. Mkandarasi alitaka fundi mwenye cheti wa kusimamia nyumba ile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mshahara wa fundi, na gari la kuendesha.

"Paa likiisha nawe huna cheti," akasema, "nampa mtu wa Pietermaritzburg. Si kwa ubaya."

"Si kwa ubaya," fundi akajibu.

Kuanzia siku ile tulipopita Berea kwa teksi, sote watatu tuliangalia paa. Shemeji alikuwa anainuka nusu kwenye kiti. Nyani wadogo walikaa kwenye mbao za paa wakila ndizi za mafundi, na shemeji akasema hao ndio wafanyakazi anaowapenda kuliko wote pale, kwa sababu hawaweki kigae.

Mtihani ulikuwa katika kituo kimoja cha mafunzo nje kidogo ya mji. Nilimsindikiza, nikakaa nje kwenye ngazi na mkate uliotobolewa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage, chakula ambacho hadi leo nikikikumbuka naumwa na tumbo kwa hamu. Alitoka alasiri na sanduku lake la vifaa. Tulitembea hadi kwenye robot, ikawa nyekundu, tukasimama.

"Nyaya?" nikamuuliza.

"Nyaya bien."

"Mota?"

"Mota ilizunguka kama inaitwa na mama yake."

"Sasa nini?"

"Iko kadena," akasema.

Kadena kwao ni kufuli. Akanieleza tulipokuwa tunavuka. Kila mtu alipewa bodi yake ya umeme ukutani na meza yake. Mezani palikuwa na kufuli jekundu na ufunguo wake. Fundi alilitazama kufuli lile akafurahi. Alijisemea moyoni, watu wazuri hawa, wanajua wizi uko kila mahali. Akalichukua akafunga nalo sanduku lake la vifaa.

Msimamizi alikuwa mama wa Kizulu, mtu mzima, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni. Fundi alizima swichi kuu, akapima, akaona hakuna umeme. Kisha akamgeukia kwa adabu zote.

"Nikamwambia, Mama, tafadhali simama hapa kwenye swichi, uongee."

Nilisimama katikati ya barabara. Teksi ikanipigia honi.

"Ulimwambia msimamizi aongee?"

"Kwa heshima. Akaniuliza, niongee nini? Nikamwambia, kitu chochote, Mama. Bei ya nyanya. Habari ya watoto. Akaniuliza, kufuli lako liko wapi? Nikamwonyesha. Akaniuliza kwa nini liko kwenye sanduku. Nikamwambia, ili wasiibe koleo."

"Akasemaje?"

"Alicheka hadi akavua miwani. Alicheka vizuri, petit, si kwa dharau. Halafu akavaa miwani akaandika nimeanguka."

Mama yule hakumwacha aondoke hivihivi. Alimkalisha akamweleza kwamba kufuli lile ni la swichi, kwamba kila fundi anafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe na ufunguo unakaa kwake, si kwa mtu mwingine. Fundi akamweleza habari ya mtu wa swichi. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akasema ameelewa, ila mtu huchoka, mtu hupigiwa simu, mtu huenda msalani. Kufuli haliendi msalani. Sehemu nyingine zote amezifaulu, arudi kurudia sehemu hii tu, nafasi ikipatikana.

Mimi, nakiri, nilihisi nimetukanwa kidogo. Lakini nikamkumbuka yule aliyetoka kumsalimia mjomba wake, nikanyamaza.

Shemeji hakunyamaza. "Papa, mutu anakupa kadena, weye unafunga sanduku," alimwambia mumewe usiku ule, na kesho yake, na wiki nzima. Saluni yote ilijua. Wateja wakimwona fundi kwenye ngazi walimwuliza kama koleo ziko salama. Lakini nilimwona shemeji pia, asubuhi, amesimama dirishani na chai yake akitazama upande wa Berea, ambako kwa kweli paa lenyewe halikuonekana kutoka pale.

Tulidhani kazi iliyobaki ni ndogo. Mkandarasi alitupa bodi ya zamani, tukaipigilia kwenye ubao sebuleni, tukanunua kufuli. Fundi afunge, aweke ufunguo mfukoni, apime, afanye kazi. Mtu yeyote angeweza. Akafunga, akapima, akaanza. Baada ya muda mfupi mikono yake ikatoka kwenye bodi yenyewe, kama mtu aliyegusa sufuria.

"Vipi?" nikauliza.

"Kuko kimya."

"Umefunga mwenyewe. Ufunguo unao. Na hiyo bodi haijaunganishwa popote, iko kwenye ubao."

"Najua," akasema. "Kichwa kinajua. Mikono haijui."

Ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa miaka yote ile ukimya kwake ulikuwa na maana moja tu. Hakuna kufuli ambalo lingeiambia mikono yake kitu tofauti kwa siku moja. Na mama yule wa miwani angekuwa amesimama nyuma yake na karatasi, kimya, akiangalia fundi anatoa mikono kila mara kama mwanafunzi mwoga.

Basi nikapewa kazi mpya, ya kukaa pale pale kwenye kiti na kunyamaza. Sijawahi kushindwa kazi kwa haraka hivyo. Nilikaa, nikatazama dari, nikatazama kalenda ya kanisa, na mdomo ukafunguka wenyewe nikaanza kueleza habari ya mtu mmoja wa Nampula aliyekuwa na redio. Shemeji akanipiga kwa kanga.

"Nyamaza, weye. Unamharibia."

"Hajaharibika," fundi akasema kutoka kwenye bodi. "Huyo wa Nampula alifanyaje?"

"Papa."

Tukajaribu ufunguo kwenye mfuko wa shati, kwamba auguse akiogopa. Akawa anaugusa kila mara, kazi haiendi. Tukajaribu ajiimbie mwenyewe, aongee mwenyewe badala yangu. Akasema sauti yake mwenyewe inamwambia tu kwamba hajafa bado, nalo analijua. Alitia ufunguo mdomoni, shemeji akamwambia akiumeza atamwacha hivyo hivyo. Na kila tulipopita Berea, vigae vilikuwa vimepanda mstari mwingine.

Jumapili moja kanisani, wakati wa maombi ya watu, shemeji alisimama akaomba ndugu wamsaidie kuombea mvua. Mchungaji alitazama dirisha. Ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi. Akamwuliza taratibu, "Mvua, mama?" Shemeji akasema, "Ndiyo, pasta. Nyingine." Watu wakaomba. Mvua ya Durban iliendelea, ile ya joto inayokufanya uvae nguo mbichi asubuhi na mbichi zaidi jioni, na mafundi wa paa wakakaa chini ya turubai wakicheza karata. Fundi alipoelewa mkewe alichoomba alishindwa kula kwa kucheka, kisha akamwongezea nyama kwenye sahani.

Kilichotuokoa kilikuwa tundu la mfuko. Fundi alikuwa na suruali moja ya kazi ambayo mfuko wake wa kulia ulikuwa umetoboka, na shemeji, msusi wa nywele za nusu ya Greyville, hakuwahi kupata muda wa kuushona. Siku hiyo alifunga swichi, akatia ufunguo mfukoni, akapima, akaanza. Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa ili nisiongee. Nikangoja mikono itoke. Haikutoka. Alifungua, akavuta, akakaza, akahama upande wa pili, akarudi. Alimaliza bodi nzima. Kisha akashusha bisibisi akakunja uso, akasema mguu unamuuma.

Akavua buti. Ufunguo ulikuwa ndani. Ulikuwa umepita kwenye tundu, ukateremka mguuni, ukaingia kwenye buti, na muda wote alikuwa ameukanyaga.

Tulitazama ufunguo ule sote watatu.

"Rudisha," shemeji akasema.

Akaurudisha kwenye buti, akafanya bodi tena. Akafanya tena. Akasema ni kama mtu anayemkanyaga mguu kanisani kumkumbusha asilale. Kila akisimama anajua: ufunguo uko kwangu, kwa hiyo hakuna mtu mwingine anayeweza kuwasha. Mikono ilikuwa imepata habari zake kutoka chini. Wiki ile alitembea nao nyumbani, sokoni, hata kanisani, akichechemea kidogo, na watu wakamwuliza amefanya nini mguuni, naye akajibu anafanya mazoezi.

Mvua ikakatika. Paa likabaki vigae vya juu kabisa, vile vya mgongo. Mkandarasi alikuwa mtu mwaminifu, akatuambia amekwisha mpigia mtu wa Pietermaritzburg, aje Jumatatu. Nafasi ya kurudia mtihani ikapatikana Alhamisi ya kabla yake.

Nilikaa tena kwenye ngazi za kituo kile. Safari hii sikununua mkate. Kupitia mlango uliofunguliwa kwa ajili ya joto niliona mgongo wake na karatasi ya yule mama, lakini sikusikia kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusikia. Alitoka mapema kuliko nilivyotarajia, ameshika buti moja mkononi.

"Aliona nachechemea," akaniambia, akikaa kando yangu kuivaa. "Akaniuliza, umeumia? Nikasema hapana, Mama, ni ufunguo. Akasema, vua nione. Nikavua mbele ya watu, petit, na soksi ile ya tundu. Akauona. Akasema, sheria inataka ufunguo ukae kwako. Haikusema wapi."

"Halafu?"

"Halafu akaandika."

Alifunga kamba za buti polepole, akafungua, akafunga tena. Nikamwacha. Mwishowe akasema, "Nimepita," kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani, akasimama, akanyoosha shati lake.

Mkandarasi alipoambiwa kwenye simu alipiga mluzi. "Eish, sasa yule mtu wa Pietermaritzburg nimwambie nini?"

"Mwambie aje," fundi akasema. "Huku mafundi hatutoshi. Si magazeti yanasema?"

Na kweli alikuja, akapewa nyumba nyingine upande wa pili wa Berea, na wakawa wanaazimana ngazi.

Wiki ya kwanza kwenye nyumba ile ya wanafunzi mimi nilikuwa mvuta nyaya. Kwa msemaji wa swichi hapakuwa na nafasi. Kwenye bodi ukutani palikuwa na kufuli jekundu na kibao chenye maandishi, na kila mtu alipita mbali nalo. Mkandarasi aliniambia kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na hesabu, angeweza kuniingiza kwenye mafunzo, nianze taratibu, nami nikasema nitafikiria.

Mchana shemeji alipanda kutoka mjini na chakula, ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha kwao, ndani ya bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Aliingia sebuleni akasimama. Nyumba ilikuwa tupu, inanuka saruji, na kimya kabisa. Nikaona uso wake umebadilika.

"Papa iko wapi?"

"Darini."

"Mbona kimya hivi?"

"Anafanya kazi."

Alisikiliza. Huko juu hapakusikika hata mguno. Akaweka bakuli chini, akashika mlango. "Papa?" akaita. "Papa?"

"Nini?" sauti ikatoka darini, ya mtu aliyekatizwa. "Ninafanya kazi, mama. Acha kelele."

Shemeji alikaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Alicheka bila sauti, kiganja kimeziba mdomo, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kisha akanitazama mimi, nikiwa na mzunguko wa waya begani, nimesimama katikati ya chumba bila la kusema.

"Na weye sasa?" akanong'ona. "Utasoma umeme?"

"Mkandarasi ameniambia iko nafasi."

"Nimekuuliza weye, si mkandarasi."

Nikaanza kumweleza kwamba nimesikia Maputo kuna kazi bandarini, na kwamba nikitoka Maputo nina mtu wangu Blantyre ambaye zamani alikuwa na lori. Alinisikiliza akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari ambayo ameijua kabla ya msemaji. Hakunilaumu. Alifungua kitambaa, akakata tonge la kwanza la ugali akaliweka ukingoni mwa bakuli, upande wangu.

"Shusha nyaya," akasema. "Kula kwanza."